Kurushwa kilomita 240 kwa saa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Formula Rossa na rola kosta za kurushwa

Maswali haya huulizwa na ndugu zetu wanaoishi Abu Dhabi, Dubai na Maskati, na wageni wanaotoka Mombasa, Dar na Unguja wakiwa na siku moja ya matembezi na hawajui kama waitumie kwenye Kisiwa cha Yas, iliko Formula Rossa, au madukani. Majibu yamechanganya ufundi wa mashine zenyewe, masimulizi ya watu waliozoea kuzipanda, na maoni yangu. Maoni yangu mtayatambua tu.

Rola kosta ya kurushwa ni ipi, na ina tofauti gani na zile nyingine?

Rola kosta, yaani treni ya burudani inayokimbia kwenye reli ya milima na kona, ile ya kawaida hupandishwa mlima kwa mnyororo, polepole, huku ikigonga ka-ka-ka. Ikifika kileleni inaachiwa, na kuanzia hapo ni uzito wake tu unaoivuta. Kasi yote utakayoipata imetoka kwenye urefu wa ule mlima wa kwanza.

Ya kurushwa haingoji mlima. Treni inasimama kwenye reli iliyonyooka, halafu inavutwa au kusukumwa mpaka ifikie kasi yake yote ndani ya sekunde chache. Huna muda wa kuangalia chini na kujutia uamuzi wako. Kwa watu wengine hilo ni afadhali kubwa, kwa sababu kinachowatisha ni ule mwendo wa kupanda taratibu kuliko kushuka kwenyewe.

Fikra hii si ya jana. Mjerumani Anton Schwarzkopf alikuwa akiunda za namna hii tangu miaka ya 1970, akitumia uzito mkubwa unaoangushwa mnarani au gurudumu zito linalozungushwa kwanza. Mwaka 1996 Marekani ilipata rola kosta zinazoitwa Flight of Fear, za kwanza kurushwa kwa mota za sumaku. Mwaka 2002 ikaja Xcelerator huko California, ya kwanza kurushwa kwa haidroliki, yaani kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa, na kutoka hapo mashindano ya kasi yakapamba moto.

Formula Rossa ina sifa gani hasa?

Iko Ferrari World, bustani ya michezo kwenye Kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, na ilifunguliwa pamoja na bustani hiyo mwezi Novemba 2010. Iliundwa na kampuni ya Intamin. Inatoka kilomita sifuri hadi 240 kwa saa ndani ya sekunde 4.9. Reli yake ina urefu wa zaidi ya kilomita 2, na mlima wake mrefu kabisa una mita 52. Treni imetengenezwa kwa sura ya gari la Formula 1, nyekundu bila shaka, na inabeba watu 16, wawili wawili. Mwendo mzima hauzidi dakika moja na nusu hivi. Mchoro wa reli umechukua mawazo kutoka uwanja wa mbio za magari wa Monza, Italia, ndiyo maana ina kona nyingi na haina hata pinduo moja la kichwa chini.

Watu huniuliza kama "haina hata kichwa chini" ni upungufu. Kwa kasi ile, hapana.

Inarushwa na nini?

Si injini ya gari. Chini ya jengo kuna pampu zinazosukuma mafuta ya haidroliki kuingia kwenye mitungi mikubwa yenye gesi ya naitrojeni. Gesi inabanwa, inabanwa, mpaka iwe imehifadhi nguvu nyingi. Ikifika wakati, vali zinafunguka kwa mkupuo: gesi inasukuma mafuta, mafuta yanazungusha mota nyingi kwa pamoja, mota zinazungusha ngoma ya winchi, na winchi inavuta waya wa chuma uliofungwa kwenye kitoroli kidogo kilichonasa tumboni mwa treni. Kitoroli kinaivuta treni mpaka mwisho wa njia ya kurushia, kinaiachia, halafu kinarudi kuchukua treni nyingine.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba umeme haunyonywi wote kwa sekunde tano. Pampu zinajaza kidogo kidogo kati ya treni na treni, kisha kila kitu kinatumika kwa mkupuo mmoja. Ubaya wake ni kwamba kuna vitu vingi vya kuchakaa: waya, ngoma, vali, mafuta yenyewe. Ndiyo sababu watengenezaji wamehamia kwenye sumaku. Kwenye njia ya sumaku, koili za umeme zimepangwa kandokando ya reli, treni imebeba sumaku zake, na koili zinawashwa kwa zamu ili kuivuta mbele. Hakuna waya wa kukatika. Formula Rossa ni miongoni mwa za mwisho kubwa za haidroliki, na mpenzi wa mitambo atakwambia hiyo ni sababu tosha ya kuipanda kabla haijabadilishwa.

Kilomita 240 kwa saa inasikikaje mwilini?

Kasi yenyewe haisikiki. Treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na abiria wanasinzia, wanakula karanga, wanabishana kuhusu mpira. Mwili haujui kasi. Unajua kasi inavyobadilika, yaani mchapuko. SGR inachukua muda mrefu kufika 160. Formula Rossa inaipita 160 kabla hujamaliza pumzi uliyoanza nayo.

Piga hesabu kidogo. Kilomita 240 kwa saa ni karibu mita 67 kwa sekunde. Ukizigawa kwa sekunde 4.9, mchapuko wa wastani unakuwa kama mara 1.4 ya mvutano wa dunia. Maana yake, mtu wa kilo 70 anabanwa kwenye kiti kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100, kuelekea nyuma, juu ya ule uzito wake wa kawaida unaomvuta chini. Kichwa kinaganda kwenye kiegemeo. Ukiwa umeacha mdomo wazi, upepo unaingia bila hodi.

Mpangilio wa hisia, kwa jinsi wengi wanavyousimulia, ni huu. Kwanza breki za sakafuni zinashuka, unasikia mlio wa chuma chini yako, na mazungumzo yote yanakatika. Kisha mgongo unagundua kabla ya macho. Nusu ya kwanza ya mrusho watu hupiga kelele. Nusu ya pili kelele zinakatika, kwa sababu pumzi imebanwa na sauti yenyewe inabaki nyuma. Machozi yanatoka pembeni mwa macho na kukimbilia masikioni, hata ukiwa na miwani. Halafu mlima wa mita 52, ambapo mambo yanageuka: baada ya kubanwa kitini, sasa unang'olewa kutoka kitini, na kizuizi cha kiti ndicho kinachokurudisha.

Baada ya hapo kuna kona na vilima vya chini. Hapa wapenzi hawakubaliani. Wapo wanaosema mrusho na mlima ndivyo vilivyobeba kazi yote, na kilichobaki ni mteremko wa kumaliza kasi, tena wenye mtetemo. Wengine wanapenda hasa zile kona, wanasema ndipo unapokumbuka kwamba uko ndani ya kitu kinachojifanya gari la mbio. Mimi niko na kundi la kwanza, ila sioni haja ya kulalamika: sekunde tano za mwanzo zinalipa.

Kwa hiyo yenye kasi kubwa zaidi ndiyo kali zaidi?

Hapana, na hili ndilo ninalotamani watu walielewe kabla ya kununua tiketi kwa kufuata namba ya kilomita. Tazama mifano hii.

Stealth, iliyoko Thorpe Park karibu na London, ina kasi ya kilomita 128 kwa saa tu, lakini inaifikia chini ya sekunde 2. Mchapuko wake unakaribia mara mbili ya mvutano wa dunia. Ndugu walioko Uingereza wanaosikitika kwamba hawajafika Abu Dhabi wana msukumo mkali zaidi jirani yao, ingawa ni mfupi.

Velociraptor, ndani ya IMG Worlds of Adventure huko Dubai, inatoka sifuri hadi 100 kwa sekunde 2.5. Hiyo ni kidogo zaidi ya mara moja ya mvutano. Laini zaidi, na kwa anayeanza ni mahali pazuri.

Red Force, huko PortAventura, Hispania, inafika 180 kwa sekunde 5 hivi. Mchapuko ni kama mara moja. Namba kubwa, msukumo wa upole, kisha mnara wa mita 112 ambao hauna upole wowote.

Na iliyowapita wote ni Do-Dodonpa ya Fuji-Q Highland, Japani. Baada ya kuongezewa nguvu mwaka 2017 ilifika kilomita 180 kwa sekunde 1.56, yaani zaidi ya mara 3 ya mvutano wa dunia. Ilisimamishwa mwaka 2021 baada ya abiria kadhaa kuripoti kuvunjika mifupa, na haikufunguliwa tena. Kilomita 180, si 240. Kwa hiyo ukisikia mtu anataja kasi, muulize: kwa sekunde ngapi?

Formula Rossa haina msukumo mkali kuliko zote. Inao mrefu kuliko nyingi. Kubanwa kwa mara 1.4 si jambo la ajabu kwa sekunde moja. Kwa karibu sekunde tano, ukijua kila sekunde kwamba sasa itakoma na haikomi, ni jambo jingine kabisa.

Kwa nini tunavalishwa miwani?

Kwa sababu ya mchanga na wadudu. Reli iko nje, jangwani, na chembe ya mchanga inayokupiga jichoni kwa mita 67 kwa sekunde si ya kuchezea. Miwani inafanana na ile ya waruka kwa parachuti, na kila abiria anaivaa. Ivute ikaze vizuri. Ikilegea, utatumia mkono mmoja kuishika badala ya kufurahia.

Mashavu hayana miwani. Waliokaa mbele siku yenye vumbi husema walichomwachomwa kama kwa sindano, na huo ndio ukweli wa kiti cha mbele.

Nikae mbele au nyuma?

Mbele kama ni mara yako moja tu. Hakuna kichwa cha mtu kinachokuzibia, unaona reli yote ikikujia, na upepo ni wako peke yako. Foleni ya safu ya mbele huwa ndefu, lakini ukiwa umesafiri kutoka Mombasa utakimbilia wapi?

Nyuma ni kwa wanaopenda kunyanyuliwa. Treni ikivuka kilele, vichwa vya mbele vimeshaanza kushuka wakati mkia bado unapanda, kwa hiyo wa nyuma wanavutwa kuvuka kilele kwa kasi zaidi na wananing'inia zaidi. Watu walio kwenye vyama vya wapenzi, kama American Coaster Enthusiasts kilichoanzishwa mwaka 1978, hubishana jambo hili bila kuchoka, na wengi wao huishia kukaa nyuma.

Katikati kaa kama foleni imekuchosha.

Ile hali ya tumbo kupaa inatokana na nini?

Viungo vya tumboni havijagongomewa. Vinaning'inia kwenye tishu laini, na kwa kawaida vinalalia chini kwa uzito wake. Treni inapovuka kilele kwa kasi, wewe na viungo vyako mnaanza kuanguka kwa pamoja, na ule uzito unaoyalaza matumbo unatoweka kwa muda. Neva zinalisikia badiliko hilo, ubongo unalitafsiri kuwa kuanguka, na unajikuta umepiga ukelele hata kama ni mtu mzima mwenye heshima zako.

Ukitaka ipungue, kaza misuli ya tumbo na utoe pumzi wakati wa kuvuka kilele. Ukitaka izidi, legeza mwili na inua mikono.

Nitatapika?

Kwenye Formula Rossa, mara chache. Kichefuchefu huletwa na mizunguko mirefu inayochanganya viungo vya usawa vilivyo ndani ya sikio, na hapa hakuna mizunguko ya aina hiyo. Kula chakula chepesi saa moja au mbili kabla. Tumbo tupu kabisa si zuri pia. Biriani iache ya jioni.

Kinachowapata baadhi ya watu ni macho kuingiwa kiza kwenye kona kali au chini ya mlima, pale damu inaposukumwa kwenda miguuni. Kaza mapaja na tumbo, endelea kupumua, kitapita. Kikidumu, au ukihisi kuzimia, usirudie siku hiyo.

Ni salama kweli? Maana nimesikia habari za ajali.

Umesikia sawa, na sitakuficha. Mwaka 2009 waya wa kurushia wa Xcelerator ulikatika na vipande vyake vikajeruhi abiria. Agosti 2021, huko Ohio, kipande cha chuma kilichomoka kutoka Top Thrill Dragster kikampiga mwanamke aliyekuwa kwenye foleni na kumjeruhi vibaya kichwani. Rola kosta hiyo haikuendeshwa tena kwa mfumo wake wa awali. Habari za Japani nimeshazitaja. Mashine za kurushwa zinatumia nguvu kubwa, na nguvu kubwa inataka matengenezo makubwa.

Lakini angalia pia namna zinavyolindwa. Reli imegawanywa vipande, na kompyuta hairuhusu treni mbili kuwa kwenye kipande kimoja. Treni hairushwi mpaka vizuizi vya viti vyote vithibitishwe vimefungwa. Breki za mwisho ni za sumaku za kudumu: treni ikipitisha mapezi yake ya chuma kati ya sumaku hizo, mikondo ya umeme inazaliwa ndani ya chuma na kuipunguza kasi yenyewe. Hata umeme wa Abu Dhabi nzima ukikatika, breki hizo zinafanya kazi, kwa sababu hazitumii umeme wa mtu.

Kwa hiyo ukisikia rola kosta imefungwa nusu siku kwa sababu za kiufundi, usiwatukane wahudumu. Mfumo umegundua kitu na kukataa kurusha. Hasira niliyo nayo mimi ni kwa bustani fulani isiyotangaza mapema kwamba rola kosta yake kuu haifanyi kazi, ukajua ukiwa umeshalipa. Angalia tovuti au programu ya simu asubuhi ya siku unayokwenda, na ukifika getini uliza kabla ya kutoa kadi.

Treni ikikosa nguvu ya kupanda mlima itakuwaje?

Itarudi nyuma. Kwenye njia ya kurushia kuna breki ambazo hushuka chini ya sakafu wakati wa kurusha, na mara treni ikipita zinainuka tena nyuma yake. Treni ikirudi inazikuta zimeshasimama na inapunguzwa kasi taratibu. Halafu inarushwa upya.

Ilikuwa ikitokea mara kwa mara kwenye Kingda Ka, huko New Jersey, iliyokuwa na mnara wa mita 139 na kasi ya 206. Kwa kasi hiyo ungeweza kufika mita 167 kama kusingekuwa na upepo wala msuguano, kwa hiyo akiba ilikuwa ndogo; upepo wa mbele au baridi ya asubuhi vilitosha kuirudisha. Wapenzi walikuwa wakiomba iwatokee, wapate mrusho mara mbili kwa foleni moja. Kingda Ka ilibomolewa Februari 2025, na wako watu wazima waliomwaga machozi.

Formula Rossa haina tabia hiyo sana. Mlima wa mita 52 unahitaji kasi ya kilomita 115 hivi tu. Treni inafika na ziada tele.

Nimevaa hijabu. Nina kanzu. Nina miwani ya kusomea. Nifanyeje?

Hijabu si tatizo lolote, hapo ni Abu Dhabi. Shida ni ncha zinazopepea. Funga shungi la kubana, ncha zote ziingie ndani ya nguo, na acha pini nyumbani: pini ikichomoka kwa kasi ile itamfikia aliye nyuma yako. Vaa la kitambaa cha pamba au la kuvutika, maana la hariri litateleza. Mtandio wa kutupia begani utaambiwa uuache.

Kanzu na abaya ndefu zinaweza kunasa miguuni wakati wa kuingia na kutoka, na mhudumu anaweza kukuzuia. Suruali ndani yake, au abaya fupi ya kubana, itakurahisishia. Kofia, makubadhi, funguo, pochi, simu: vyote kabatini. Usijidanganye kwamba mfuko wako una zipu.

Miwani ya macho mara nyingi huingia chini ya ile ya usalama ikiwa fremu ni ndogo. Fremu kubwa hazitoshi. Ukiwa na lenzi za macho, fumba macho kidogo wakati wa mrusho.

Nani asipande?

Mjamzito. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu lisilotulia. Mwenye matatizo ya shingo au mgongo. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni. Aliyekunywa. Kama unaumwa kitu cha kudumu, muulize daktari wako kabla ya safari, si mhudumu wa foleni.

Na asiyetaka. Nimeona vijana wakiwasukuma shangazi zao kwenye foleni huku wakirekodi. Acheni hizo.

Watoto je?

Formula Rossa inataka urefu wa sentimita 140, na kipimo kipo mlangoni. Hawabembelezeki, na viatu vya soli nene havisaidii. Mtoto aliyezoea slaidi za Kunduchi au vibembea vya Luna Park kule Nairobi asianzishiwe hapa hata kama urefu unamruhusu. Mwanzishie kwenye kitu kidogo, umwangalie usoni akishuka.

Nende lini?

Kuanzia Novemba hadi Machi. Bustani yenyewe iko chini ya paa kubwa jekundu lenye viyoyozi, lakini reli ya Formula Rossa iko nje, na wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40. Upepo mkali, mvua au vumbi likizidi huwa inafungwa.

Epuka wikendi ya mbio za Formula 1 za Yas Marina mwishoni mwa mwaka, isipokuwa umezifuata hizo mbio. Siku za kazi, asubuhi geti linapofunguliwa, nenda moja kwa moja kwenye Formula Rossa; mengine yatakusubiri. Kisiwa cha Yas kiko jirani na uwanja wa ndege wa Zayed, kwa hiyo anayebadilisha ndege akiwa na masaa mengi anaweza kufika, ila viza aishughulikie kabla ya kuondoka nyumbani. Kutoka Dubai ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari.

Pale pale Yas kuna nini kingine?

Flying Aces, iliyofunguliwa 2016. Inapandishwa kwa kebo mlima mkali wa nyuzi 51, kwa haraka ya kushtua, si ule mwendo wa mnyororo, kisha inaingia kwenye kitanzi kikubwa cha mita 52. Kasi yake ni 120. Nusu ya ile ya jirani yake, na bado nikipewa tiketi moja ya kupanda mara ya pili nitaipeleka hapa: inakunyanyua kitini tena na tena, na haichoshi.

Jina lake linamkumbuka Francesco Baracca, rubani wa Kiitalia wa Vita Kuu ya Kwanza. Ule farasi mweusi aliyesimama kwa miguu ya nyuma kwenye nembo ya Ferrari alikuwa wa ndege yake. Mamaye ndiye aliyemshauri Enzo Ferrari autumie, mwaka 1923. Wengi wanapita kwenye foleni bila kuyasoma hayo ukutani.

Ukiwa Dubai na huna nafasi ya kufika Yas, kuna Storm Coaster ndani ya Dubai Hills Mall, inayorushwa wima, kwa kilomita 77 kwa saa. Mume ananunua viatu, mke anarushwa darini.

Formula Rossa bado ndiyo yenye kasi kuliko zote duniani?

Ilishika taji hilo tangu 2010. Mpinzani aliyejengwa kulichukua ni Falcon's Flight, huko Qiddiya, nje ya Riyadh, Saudi Arabia: kilomita 250 kwa saa, mita 195, na reli ya zaidi ya kilomita 4 inayotumia mwamba wa milima ya Tuwaiq kama sehemu ya mteremko. Inatumia mota za sumaku, si haidroliki, na inarusha zaidi ya mara moja njiani.

Kwa tofauti ya kilomita 10 mwili wako hautajua lolote. Urefu ndio utakaoujua.

Nikipanda mara ya pili itapungua?

Hofu inapungua, msukumo haupungui. Mara ya kwanza wengi hawakumbuki chochote baada ya sekunde ya tatu. Wanashuka wakicheka, alama ya miwani imechorwa usoni, vidole vinatetemeka kwenye kifungo cha ukanda. Mara ya pili ndipo wanapoiona bahari upande wa pili na kusikia magurudumu. Kama foleni ni fupi, zunguka upande tena siku hiyo hiyo. Kunywa maji kwanza, na usimruhusu mtu akuuzie picha yako kabla hujaiangalia vizuri: mashavu huwa yamefika masikioni.